Karani wa sensa hakuniuliza kabila. Je, sisi Waakie tutajulikanaje?

Swali:
Shikamoo Mzee. Mimi ni binti wa miaka 24, nasoma hapa Moshi. Baba yangu ni Muakie wa Kiteto, wale ambao wengi wanawaita Wandorobo, na mama yangu ni Mmaasai. Sensa ya 2022 karani alikuja nyumbani akauliza kila kitu mpaka aina ya choo, lakini kabila hakuuliza. Baadaye nilipoteza simu, nikaenda kituo kimoja cha polisi kuandikisha, na hapo nikaulizwa kabila. Nilipotaja, aliyekuwa anaandika alicheka, akaandika Mmaasai. Sasa kijijini kwa baba wamefika watu na fomu, wanataka kuandika Waakie wote kwa majina. Ndugu zangu wamegawanyika: wengine wanasema tukihesabiwa tutapata ardhi na shule, wengine wanaogopa. Naomba unieleze, kwa nini Serikali haiulizi kabila? Sisi tulio wachache tunafaidika au tunaumia? Na hiyo fomu, tuijaze?

Jibu:
Marahaba, binti yangu. Nitakujibu kwa urefu, maana naona jibu hili halitabaki kwako peke yako. Litasomwa kijijini kwa baba yako, na watu wataamua jambo zito wakiwa nalo mkononi. Mimi nilianza kazi ya takwimu mwaka 1978 nikiwa karani wa sensa, kijana wa kupanda na kushuka vilima vya Meru na dodoso kwapani, na sijaiacha mpaka nimestaafu hapa Arusha. Katika maswali yote ya kazi hii, hili lako ndilo nimelifikiria muda mrefu zaidi.

Dodoso nililopewa 1978 halikuwa na kipengele cha kabila. Wasimamizi wetu wakubwa ndio waliokuwa wameuliza, katika sensa ya Agosti 1967. Ile ilikuwa sensa ya kwanza baada ya Uhuru na Muungano, miezi sita baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, na ilihesabu watu milioni 12.3. Ndiyo ya mwisho nchini kwetu kuuliza kabila na dini. Zimefuata za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na hakuna iliyorudisha maswali hayo. Mwaka 2012 baadhi ya viongozi wa Kiislamu walidai swali la dini lirejeshwe, na wapo waliogoma kuhesabiwa. Serikali haikukubali.

Sababu yake haikuwa uvivu wala kusahau. Mwaka 1963 nchi ilikuwa imeondoa mamlaka ya machifu. Uongozi wa Mwalimu Nyerere ulitaka mtu aliye Kiteto na aliye Kigoma wajione watu wa nyumba moja, na uliona kwamba ukitangaza kila baada ya miaka kumi kabila fulani ni la kwanza na fulani ni la tano, kesho yake watu wataanza kugawana vyeo kwa hesabu hiyo. Hofu hiyo ina mashiko. Nigeria imegombania matokeo ya sensa tangu miaka ya 1960, na ilipofika 2006 ikaondoa maswali ya kabila na dini. Kenya iliuliza kabila mwaka 1999 lakini matokeo ya kipengele hicho yakafungiwa. Sisi tulichagua kunyamaza, na Katiba yetu katika ibara ya 13 ikataja kabila miongoni mwa mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo.

Ila kabla hatujailaumu au kuisifu Serikali kwa kutouliza, tuangalie kile ambacho ingekuwa inauliza. Ndugu zako wanaotaka kuhesabiwa wanadhani orodha ya makabila ipo tayari mahali fulani, safi, na kazi ni kujaza idadi tu. Orodha hiyo ina historia chafu. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, ilisimama juu ya wazo kwamba Mwafrika anatawalika kupitia kabila lake na kiongozi wa kabila hilo. Kwa hiyo kila mtu ilibidi apatiwe kabila, na kila kabila lipatiwe mkuu. Penye watu wasio na mkuu wa kuonekana, kama wawindaji na warina asali, watu hao waliingizwa kwa jirani au waliandikwa kwa jina ambalo jirani aliwaita.

Ndiyo maana majina mengi yaliyomo kwenye orodha za zamani ni matusi yaliyopigwa muhuri. Wandorobo ni neno lililotoka kwa Wamaasai likiwa na maana ya mtu asiye na ng'ombe, fukara. Wabarabaig na Wadatoga wenzao waliandikwa Wamang'ati, na hilo nalo ni neno la Kimaasai, maana yake adui. Wahadzabe waliitwa Watindiga. Wairaqw wakawa Wambulu kwa jina la mji. Nyinyi mmeishi na jina la Wandorobo miaka mia moja, na aliyecheka kituoni siku ile alikuwa anacheka ndani ya historia ambayo pengine hata yeye haijui.

Hata jamii kubwa haziingii vizuri kwenye kisanduku. Hapo Moshi ulipo, muulize mtu wa Rombo kama anamwelewa mtu wa Machame akizungumza Kimachame cha ndani. Hapo zamani Machame, Kibosho, Kilema, Marangu na wengine walikuwa na Mamangi wao, kila mmoja na nchi yake, na walipigana. Uchaga kama jambo moja ulikomaa karne iliyopita, kupitia kahawa, chama cha ushirika cha KNCU kilichoandikishwa 1933, na baadaye nafasi ya Mangi Mkuu ambayo Thomas Marealle aliishika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Karani akiandika Mchaga ameandika ukweli, lakini ameandika ukweli wa siku hizi. Au chukua Waarusha hapa kwetu: wanazungumza Kimaa, wana rika na moran kama Wamaasai, lakini ni wakulima wa migomba na mahindi chini ya mlima. Mmoja atajiita Mmaasai akiwa Dar es Salaam na Mwarusha akiwa Ngaramtoni, na hadanganyi mara zote mbili. Na wewe mwenyewe, Muakie kwa baba na Mmaasai kwa mama, unayesoma kwa Kiswahili Moshi: fomu yenye kisanduku kimoja itakukata nusu.

Kwa hiyo ukisoma mtandaoni kwamba kabila fulani lina watu milioni kadhaa leo, uliza namba imetoka wapi. Mara nyingi mtu amechukua hesabu ya 1967 akaizidisha kwa tano, kwa kuwa nchi imekua kutoka milioni 12.3 hadi 61,741,120 mwaka 2022. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama makabila yote yangezaa sawa, yangehama sawa, na kama hakuna mtu aliyeoa nje. Wengine huchukua idadi ya mkoa wakaifanya ya kabila. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu kama milioni 1.86 mwaka 2022, lakini humo mna Wapare wa Mwanga na Same, mna wageni wa kila mahali, na Wachaga wasio na idadi wako nje ya mkoa.

Sasa nije kwenye hofu ya wale ndugu zako wanaokataa. Wasidharauliwe. Mji huu wa Arusha una ushahidi mkubwa juu ya kile ambacho karatasi yenye kabila inaweza kufanya. Kuanzia mwaka 1995 mpaka mwisho wa 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilikuwa hapa, kwenye jengo la mikutano la AICC. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, kwa mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza ya namna hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa. Humo majaji walieleza kwamba kila Mnyarwanda alitakiwa kubeba kitambulisho kilichoandikwa kabila lake. Wabelgiji walivianzisha miaka ya 1930, serikali zilizofuata zikaviendeleza, na mwaka 1994 kwenye vizuizi vya barabarani mtu alitakiwa kutoa kitambulisho, na mstari ule mmoja ukaamua kama anapita au anakufa. Rwanda ilikuja kuufuta mstari huo. Nilikuwa napita nje ya jengo lile kwenda kazini, na kila nilipopita niliwaza kuhusu yule karani wa kwanza aliyejaza kadi zile akiamini anafanya kazi ya kawaida ya ofisi.

Hapa ndipo penye jambo ambalo nakuomba ulieleze kijijini pole pole mpaka lieleweke. Kuna kuhesabu na kuna kuorodhesha. Ukihesabu, unamaliza na namba: katika kata hii kuna watu 310 wanaozungumza Kiakie nyumbani, watoto 90 kati yao wana umri wa shule. Jina la mtu halina kazi tena. Ukiorodhesha, unamaliza na daftari: fulani bin fulani, Muakie, anakaa hapa, simu yake hii. Namba ya jumla haiwezi kumfuata mtu usiku nyumbani kwake. Daftari linaweza. Linaweza kukaa kabatini miaka ishirini bila kumdhuru mtu, kisha likaingia mikononi mwa mtu mwingine mwenye nia nyingine. Sensa ya kweli inaandika majina mwanzoni ili isimruke mtu wala kumhesabu mara mbili, lakini Sheria ya Takwimu inakataza taarifa za mtu mmoja mmoja kutolewa, na kinachotoka nje ni majedwali. Rwanda ya 1994 haikuangamizwa na jedwali.

Je, basi tunyamaze tu? Hapana, na hapa naachana na wakubwa wangu wengi wa zamani. Kunyamaza kuna gharama, na gharama hiyo analipa mdogo.

Fikiria kijiji cha kubuni chenye kaya 400. Kaya 360 ni za wakulima na wafugaji, na 9 kati ya kila 10 zimepeleka watoto shule. Kaya 40 ni za warina asali, na ni 2 tu kati ya kila 10 zilizopeleka. Jumlisha: kaya 324 na kaya 8 ni 332, sawa na asilimia 83. Afisa elimu wa wilaya anaona asilimia 83, anasema kijiji hiki hakijambo, anapeleka madawati kwingine. Hakuna aliyesema uongo, na watoto wenu wamepotea ndani ya wastani. Ardhi, zahanati na vyeti vya kuzaliwa vinaharibika kwa njia hiyo hiyo. Mkubwa hahitaji swali la kabila ili aonekane, kwa kuwa wastani wa mahali alipo ni wastani wake. Mdogo anayeishi katikati ya wengine ndiye anayefutika.

Wapo watakaokwambia tafiti za sampuli zitawaona. Haziwezi. Wataalamu wanakadiria Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi kuwa kati ya 1,000 na 1,300. Katika watu milioni 61.7 ni kama mtu mmoja katika kila 47,000. Utafiti wa kitaifa ukihoji kaya 15,000, tuseme watu 60,000, kwa wastani utawakuta Wahadzabe mmoja au wawili. Huwezi kusema lolote juu ya afya ya jamii kwa mtu mmoja. Waakie nao, waliotawanyika Kiteto, Simanjiro na upande wa Kilindi, wangepita kwenye tundu la chujio hilo hilo. Jamii ndogo inaonekana kwa njia mbili tu: sensa kamili, au watu wa kwenda kuihesabu yenyewe huko iliko.

Na msikubali kuambiwa kwamba Serikali haiwezi kuhesabu kundi dogo bila kuvunja taifa. Sensa za 2012 na 2022 ziliuliza kuhusu watu wenye ualbino, kundi dogo na lililokuwa linawindwa. Serikali iliuliza kwa sababu ililazimika kujua wako wapi na wanahitaji nini, na watu wakaona ni sawa.

Majirani zetu wametupa mafunzo, na si yote ya kuiga. Kenya inauliza kabila na kutangaza. Sensa ya 2019 ilitaja Wakikuyu kuwa milioni 8.1, Wamaasai milioni 1.19, na kuendelea mpaka jamii zenye watu wachache kabisa. Mmakonde wa Kenya anajua thamani ya kutajwa. Wazazi wake walivuka mpaka kwenda kufanya kazi mashambani Pwani, watoto wakazaliwa huko bila uraia wala kitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipotembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai. Mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Lakini angalia pia Waogiek wa msitu wa Mau, ndugu zenu wa lugha. Sensa ya 2009 ilisema wako zaidi ya 78,000. Ya 2019 ikasema wako kama 52,000. Watu 26,000 hawakufa wala hawakuhama nchi. Kilichobadilika ni majibu: jinsi karani alivyouliza, msimbo wa kabila aliokuwa nao kwenye fomu, na mtu kuona siku hiyo ni heri ajiite nani. Idadi ya kabila inapanda na kushuka kwa hofu na matumaini ya watu, na anayeitumia asisahau hilo.

Hao Waogiek walifika mpaka hapa kwetu. Kesi yao ilisikilizwa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 wakashinda. Mahakama ilisema, pamoja na mambo ya ardhi, kwamba Kenya iliwabagua kwa kutowatambua kama kabila linalojitegemea huku ikiyatambua mengine. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya jumla ya shilingi za Kenya 157,850,000. Lakini msije mkadhani namba ndiyo iliyoshinda. Walichothibitisha ni kwamba wameishi Mau vizazi na vizazi, kwamba msitu ule ndio chakula chao, dawa yao na ibada yao. Namba ilikuwa shahidi mmoja kati ya wengi.

Burundi ni habari nyingine. Makubaliano yaliyosainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000 yalizaa Katiba ya 2005 iliyogawa Bunge asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, na viti vitatu kwa Watwa. Mgawo huo ulisaidia bunduki zinyamaze, na Watwa, ambao hapo awali hakuna aliyewauliza chochote, wakapata sauti. Lakini mgawo ukishakuwapo, lazima mtu athibitishe yeye ni nani. Mwaka 2018 mashirika ya kigeni yalisimamishwa mpaka yaonyeshe kabila za wafanyakazi wake, na lipo lililoona ni heri lifunge na kuondoka kuliko kuandika orodha hiyo. Nalielewa shirika lile.

Sasa maoni yangu, uyapokee kama ya mzee mmoja. Sitaki swali la kabila lirudi kwenye sensa ya taifa kwa watu wote milioni 61. Wasukuma, Wachaga na Wahaya hawapungukiwi chochote kwa kutohesabiwa hivyo, na sioni faida itakayozidi kelele zake. Ninachotaka ni mambo mengine. Sensa ijayo iulize lugha inayozungumzwa nyumbani, na iruhusu mtu ataje zaidi ya moja. Lugha haina ukali wa kabila, na inamwambia mwalimu na mganga kitu cha kufanyia kazi siku hiyo hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliotoa atlasi ya lugha zetu mwaka 2009, yenye lugha kama 150, walilazimika kukadiria wazungumzaji kwa sababu sensa haikuwapa chochote. Pia iulize kaya inaishi kwa nini, na uwindaji na urinaji asali viwe na nafasi yao badala ya kutupwa kwenye "shughuli nyingine". Na kwa jamii ndogo kama yenu, ufanyike uhesabuji maalumu, wa hiari, unaosimamiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, makarani wakiwa vijana wenu wenyewe, kila mtu akijitaja kwa jina analolitaka. Msingi wa mtu kujitambulisha mwenyewe umekubalika katika kazi za Umoja wa Mataifa za kupinga ubaguzi, na Tanzania imo katika mkataba wake wa kupinga ubaguzi wa rangi tangu 1972.

Kuhusu fomu iliyoko kijijini. Kisheria mtu au shirika linaweza kukusanya takwimu. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalitia watu hofu, lakini yalilegezwa mwaka 2019. Kwa hiyo kuja kwao si kosa. Kosa litategemea wanachofanya na majina. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Anayechukua jina lako na asili yako ana wajibu wa kukuambia anazitakia nini, na akizitumia kwa kingine una mahali pa kumshtaki.

Wazee wawaite hao watu kwenye mkutano, wasikubali kujaziwa nyumba kwa nyumba kabla ya hapo. Waulize wanatoka wapi, na barua ya kuwatambulisha kwa mtendaji wa kijiji na ya wilaya iko wapi. Waulize kwa nini wanataka majina, maana kama kazi ni kujua idadi ya watoto wasiosoma, namba ya kaya inatosha. Hilo ndilo swali kubwa na wasilikwepe. Kama majina yanahitajika kweli, daftari litakaa wapi, nani ataliona, litachomwa lini? Picha na alama za vidole wanazitakia nini? Mtu akikataa, jirani yake aliyekubali atapoteza chochote? Na matokeo yatarudi kijijini kwa Kiswahili kabla hayajapelekwa kwingine? Mgeni mwenye nia njema ataketi ajibu. Akikunja uso, au akisema ardhi itatolewa kwa waliojaza tu, mfungieni mlango kwa adabu.

Lipo jambo lingine ambalo huwa linasahauliwa. Jamii ikiwa ndogo, hata jedwali bila majina linaweza kumtaja mtu. Ukiandika kwamba katika kitongoji fulani kuna Waakie wanne, mmoja ana kifua kikuu, umeshamtangaza. Waambieni wasitoe taarifa ya eneo lenye watu wachache kiasi hicho, waziunganishe na za jirani. Mtakwimu yeyote aliyesoma anajua kanuni hii. Ambaye haijui asipewe kalamu.

Kuhusu wanaosema ardhi itapatikana kwa kuhesabiwa, wasimulie habari ya Wahadzabe wa Yaeda. Oktoba 2011 walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, kwa eneo la zaidi ya hekta 20,000, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Waliosaidia ni shirika la UCRT la hapa Arusha, na Edward Loure, mmoja wa waliokuwa wakisukuma kazi hiyo ya hati za pamoja, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2016. Hakuna aliyesubiri sensa ya makabila. Kilichohitajika ni mpango wa matumizi ya ardhi, mipaka iliyokubaliwa na majirani, na mkutano mkuu wa kijiji uliopitisha. Ndugu zako wakitaka ardhi, nguvu yao waiweke huko kwanza. Mkutano wa kijiji ambao Waakie hawakuhudhuria unaweza kugawa msitu wenu hata kama jina lenu limeandikwa kwenye kila fomu ya dunia hii.

Mwisho ni kituoni ulikochekwa. Karatasi za maelezo ya polisi na hati za mashtaka zilibeba sehemu ya kabila na dini kwa miaka mingi, na mimi sikuona kazi yake kwa mtu aliyepoteza simu. Natamani sehemu hizo zisiwepo popote. Nchi iliyoona kabila ni hatari kwenye sensa, ambako linageuka namba, ililiacha kwenye karatasi yenye jina la mtu, ambako linabaki jina. Ukiulizwa tena taja Muakie, litamke herufi kwa herufi, kisha omba usome kilichoandikwa kabla hujatia sahihi. Kikiwa si chako, omba kirekebishwe. Sahihi ni yako, na maelezo hayawi yako mpaka uyatie sahihi.

Ukipata nakala ya hiyo fomu, niandikie tena uitume ukurasa wa mbele na wa nyuma. Maneno ya idhini huwa yako nyuma, kwa maandishi madogo, na hapo ndipo nitakapoanzia kusoma.